Mfumu si mchawi, jamani

Muswada mwingine wa riwaya ya enzi za misafara umefika, na bibi kizee yuleyule yumo: yuko kando ya njia ya Ujiji, macho mekundu, anapiga ramli, anatabiri kifo cha mtemi. Mwandishi anamwita mchawi.

Mchawi hapigiwi hodi. Katika Unyanyembe ya 1871, nchi ya Wanyamwezi kando ya Tabora, mtemi Mirambo akipigana na Waarabu wa Tabora, mwenye shida alikwenda kwa mfumu, yaani mganga mwaguzi, mwanamume au mwanamke, akaaguliwe. Mchawi ndiye anayetafutwa katika kuagua huko. Ukiwachanganya, umemvika mwizi sare ya askari, halafu unashangaa kisa hakina kesi.

Ramli mwachie mwalimu wa pwani: mistari 16 ya nukta zisizohesabiwa, zinafutwa mbilimbili hadi ibaki moja au mbili, na kila mistari minne inatoa umbo. Basi.

Mfumu anapasua kuku. Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, anaeleza kwamba kuku alipewa dawa, akavunjwa shingo, akapasuliwa, kisha ikatafutwa alama nyeusi au kasoro. Ikiwa mabawani, wenye hatia ni watoto na ndugu, uti wa mgongo, mama na bibi, mkiani, mke, mapajani, masuria, miguuni, watumwa. Isome tena orodha hiyo. Kesho haimo hata kidogo! Kinachoulizwa ni nani, humu humu ndani ya kaya. Tukio lako liko hapo: watu kimya, mke anakifuata kwa macho kidole cha mfumu kinavyoteremka mgongoni kuelekea mkiani. Wewe unaniletea bundi na mbalamwezi.

Hao masuria na watumwa wananitia shaka kidogo. Inanukia nyumba ya tajiri wa msafara, na Burton wenyeji wake Tabora walikuwa Waarabu. Kwa kaya ya mkulima, mimi ningeishia mkiani.

Ni kweli, kirangozi, kiongozi wa msafara, naye alimwuliza mfumu habari za njia kabla ya kuondoka. Lakini jibu la mfumu ni nenda au ngoja, pamoja na dawa na miiko yake. Halina mashairi ya unabii. Na malipo yasiwe sarafu za dhahabu, tafadhali. Andika mbuzi, jembe, au upande wa merikani, ile kitambaa cha pamba, mikono minne. Msafara ukivamiwa, mfumu hakukosea: kuna mpagazi aliyevunja mwiko. Nani? Haya, mlete kuku mwingine.