Biashara ikianguka, mdai anamfuata nani?

Watu wawili wanafungua duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Wanasajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wanapata cheti, wanakitundika ukutani, na kuanzia siku hiyo wanaamini deni la duka ni la duka. Sivyo. Jina la biashara ni jina tu. Mbele ya sheria hakuna duka, wapo wao wawili, yaani wabia.

Kwa Tanzania Bara, kanuni za ubia zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mbia mmoja akichukua saruji ya milioni 40 kwa mkopo kwa ajili ya duka, deni ni la wote wawili. Muuzaji akishinda kesi na mali ya duka isitoshe, anakazia hukumu kwenye mali zao binafsi: gari, kiwanja, fedha benki. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake kwa kawaida haikamatwi, isipokuwa ameiweka rehani. Tena, muuzaji hazuiwi na makubaliano yao ya nusu kwa nusu. Anamfuata mwenye nacho, na huyo akishalipa ndipo amdai mwenzake. Hata mbia aliyejitoa mwaka jana bado anabanwa na madeni ya wakati wake.

Kampuni ni habari nyingine. Ikishasajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, ni mtu kamili kisheria: inamiliki, inadai, inadaiwa. Mwenye hisa za milioni 5 aliyelipia milioni 3, kampuni ikifilisika anadaiwa milioni 2 zilizobaki, basi. Msingi huu ulithibitishwa Uingereza katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London: karibu hisa zote zilikuwa zake, lakini mahakama ya juu ilikataa kumbebesha madeni ya kampuni yake. Wadai wasio na dhamana walitoka mikono mitupu. Uamuzi huo uliwaumiza, na ndiyo maana mdai lazima ajilinde mapema.

Benki inalijua hilo. Inapoikopesha kampuni ndogo, humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa, na saini hiyo inamrudisha pale pale alipo mbia. Ukiletewa karatasi hiyo, isome kabla hujasaini. Kinga huondoka pia pale biashara inapoendeshwa kwa nia ya kuwatapeli wadai: mfilisi, yaani anayesimamia ufilisi wa kampuni, anaweza kuiomba mahakama iwabebeshe wahusika deni lenyewe.

Muuzaji mdogo hana nguvu za benki, lakini ana haki ya kupekua kumbukumbu za kampuni BRELA kabla ya kukopesha mzigo. Aangalie wakurugenzi ni akina nani, na kama mali zimeshawekewa dhamana iliyosajiliwa. Akikuta benki imeshikilia stoo na mitambo yote, aombe malipo taslimu au mdhamini anayemfahamu.