Uhaba wa maji: mtoni, bombani au dumuni?

Misri inaishi kwa mto mmoja. Mvua yake ni ya kuhesabu matone, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yake hutoka Nile. Mkataba wa 1959 kati yake na Sudan uliitengea mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu zaidi ya milioni 100, kila mmoja anaambulia chini ya mita za ujazo 560. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni kinyume chake kabisa. Ina mto unaomwaga baharini maji mengi kuliko mto mwingine wowote barani, na fungu la kila mwananchi kwa mwaka linapita mita za ujazo 10,000. Sasa nenda kwenye koki. Misri, karibu kila mtu anapata maji ya kunywa nyumbani au jirani. Kongo, zaidi ya nusu ya wananchi hawana hata huduma ya msingi ya maji ya kunywa.

Ni nchi ipi kati ya hizo yenye uhaba wa maji? Zote mbili, ila si uhaba wa aina moja. Neno moja hubebeshwa mambo matatu: maji yenyewe kuwa machache, maji kuwepo lakini yasifike kwa mtu, na maji kufika lakini yasifae kunywewa. Mambo haya yakichanganywa, dawa nayo hukosewa. Watu ambao shida yao ni pampu iliyokufa huletewa mradi wa bwawa.

Kipimo cha mtoni

Kipimo kinachotajwa zaidi kwenye ripoti na vichwa vya habari kilitokana na kazi ya mtaalamu wa maji wa Sweden, Malin Falkenmark, mwishoni mwa miaka ya 1980. Unachukua maji yote yanayojazwa upya kila mwaka kwenye mito, maziwa na ardhini, unagawa kwa idadi ya watu. Nchi ikiwa chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu kwa mwaka, iko kwenye mkazo wa maji. Chini ya 1,000 ni uhaba. Chini ya 500 ni uhaba mkubwa kabisa. Kenya iko chini ya 1,000, na imekuwa hapo kwa muda mrefu.

Lakini hebu tuitafsiri hiyo 1,000 kwa lugha ya jikoni. Mita moja ya ujazo, ambayo kwenye bili ya maji huitwa uniti, ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mita za ujazo 1,000 kwa mwaka ni kama lita 2,740 kwa siku. Hayo ni madumu 137, kwa mtu mmoja, kila siku ya Mungu. Mtu huyohuyo akitumia lita 50 kwa siku kunywa, kupika, kuoga na kufua, kwa mwaka mzima amemaliza mita za ujazo 18 na kidogo. Akitumia lita 20 tu, hafikishi hata nane.

Maji mengine yanakwenda shambani. Kipimo hiki kinahesabu maji ya kulima chakula, ya viwanda na ya umeme, na barani Afrika kilimo peke yake huchukua sehemu kubwa mno ya maji yote yanayotekwa. Kwa hiyo nchi inapotangazwa kuwa na uhaba kwa kipimo hiki, maana yake ya kwanza ni kwamba itapata tabu kujilisha kwa kilimo cha umwagiliaji. Hakisemi kwamba wananchi watakosa maji ya kunywa. Zile lita 50 za nyumbani ni chini ya asilimia mbili ya hiyo 1,000, na hakuna nchi kubwa barani ambayo mito na ardhi yake vimeshindwa kutoa kiasi hicho.

Kipimo kina kasoro nyingine: ni wastani wa nchi nzima na wa mwaka mzima. Mvua ya Aprili haimsaidii mtu wa Septemba kama hakuna mahali ilipohifadhiwa, wala maji ya Mlima Kenya hayamfikii mtu wa Mandera.

Kuna nyakati ambapo uhaba huu wa mtoni unaingia kweli hadi bombani, na mfano unaojulikana zaidi ni Cape Town. Mji ule una mabomba mazuri na wataalamu wa kutosha, lakini ulitegemea karibu kabisa mabwawa yanayojazwa na mvua za kipupwe, na mvua hizo zilishindwa miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Mabwawa yangeshuka hadi asilimia 13.5, mji ungefunga mabomba mengi ya majumbani na watu wangepanga foleni kuchukua lita 25 kila mmoja kwenye vituo kama 200. Watu milioni nne kwa vituo 200 ni watu 20,000 kwa kituo kimoja, hesabu ambayo hakuna aliyetamani kuiona ikijaribiwa. Matumizi yalishuka hadi chini ya nusu ya yale ya 2015, shinikizo la maji bombani likapunguzwa, mvua ya Juni ikaokoa. Windhoek, jirani yao wa Namibia, walikwishaamua zamani kutosubiri mvua: tangu 1968 wanasafisha majitaka ya mji hadi yanafaa kunywewa, na wanayarudisha bombani.

Uhaba wa njia

Aina ya pili ndiyo inayowapata wengi kusini mwa Sahara. Wataalamu huiita uhaba wa kiuchumi: maji yapo, lakini hakuna fedha au utaratibu wa kuyavuta, kuyasafisha na kuyafikisha. Shinyanga na Kahama zilikaa miaka na miaka kwenye ukame wakati Ziwa Victoria liko kaskazini mwao. Kilichokosekana ni chanzo cha kuvutia maji pale Ihelele na bomba refu la kuyaleta. Lilipojengwa, maji yakafika, na baadaye yakasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Chini ya ardhi mambo ni hayohayo. Makadirio yaliyotolewa 2012 yalionyesha kuwa maji yaliyo chini ya ardhi ya Afrika ni zaidi ya mara 100 ya yale yanayojazwa upya kila mwaka juu na chini. Habari nzuri, lakini isomwe taratibu. Hazina kubwa iko chini ya jangwa, Libya, Algeria, Misri, Sudan na Chad, na ni maji ya kale yasiyojazwa tena. Kwingine miamba mingi hutoa maji kidogo kwa wakati mmoja: yanatosha pampu ya mkono ya kijiji, hayatoshi pampu ya kusukuma maji ya mji. Halafu kuna ubora. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba Turkana imegunduliwa hazina kubwa ya maji huko Lotikipi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha maji ya pale yana chumvi nyingi mno kunyweka.

Njia ikishajengwa, swali ni kama inatosha. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilijiwekea lengo la vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kwa watu 250. Piga hesabu. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250. Koki inayotoa lita 10 kwa dakika itahitaji dakika 625, zaidi ya saa kumi bila kufungwa hata mara moja, bila mtu kusuuza dumu, bila kubadilishana zamu. Shinikizo likishuka hadi lita 5 kwa dakika, ni karibu saa 21. Kwa hiyo kituo chenye koki moja kinaweza kuhesabiwa kwenye ripoti kuwa kimehudumia watu 250 huku foleni ikianza saa kumi alfajiri. Angalia idadi ya koki na kasi ya maji kabla ya kuuliza idadi ya vituo.

Ndiyo maana kipimo cha kimataifa cha huduma ya msingi hakihesabu mita bali dakika: kwenda, kupanga foleni na kurudi visizidi dakika 30, na chanzo kiwe kimelindwa. Kaya ya watu sita ikitumia lita 25 kwa kila mtu inahitaji lita 150, madumu saba na nusu. Mbebaji mmoja anayebeba dumu moja kichwani, kilo 20, atafanya safari nane. Kila safari ikiwa nusu saa, ni saa nne. Ikiwa saa nzima, siku imekwisha. Kinachofuata kinajulikana: kaya inapunguza maji. Kunywa na kupika hubaki, kunawa mikono na kufua hukatwa kwanza, na magonjwa ya kuhara na ya ngozi huingilia hapo, hata kama maji yenyewe ni safi.

Mjini uhaba huu huvaa jina la mgao, na mgao una madhara ambayo bili haiyaonyeshi. Bomba likijaa na shinikizo likiwepo muda wote, palipo na ufa maji hutoka nje. Bomba likikauka, ufa uleule hunyonya ndani kilicho nje: maji ya mtaro, tope, hata ya choo. Ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya mgao huja na rangi ya chai na harufu. Hayo yakinge kwenye ndoo ya kumwagia chooni. Kinga ya kunywa baadaye, yakishakuwa meupe, na uyatibu. Na lile lalamiko la kwamba tunalipia upepo lina ukweli wake: maji yanaporudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huzungusha mita.

Kabla ya kulaumu chanzo, mamlaka yenye makini hupima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Maji yanayoendelea kupita kwa wingi wakati huo ni ya mivujo. Nyumbani fanya vivyo hivyo: funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni tangi la choo. Katika miji mingi ya bara hili theluthi moja au zaidi ya maji yaliyokwisha kusafishwa kwa gharama hupotea au hayalipiwi kabla ya kufika kwa mteja. Kuziba mivujo ni chanzo kipya cha maji kisichohitaji mto, ingawa hakina jiwe la msingi la kuzindua.

Maji yapo, hayanyweki

Aina ya tatu husahaulika kwa sababu dumu limejaa. Kwa vijidudu, klorini hufanya kazi, lakini si kwenye tope, kwa kuwa tope huila dawa kabla haijagusa vijidudu. Acha maji yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tia dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, subiri dakika 30. Harufu kidogo ya dawa ikibaki ni dalili nzuri. Kuchemsha nako kunatosha, maji yakifikia kutokota kwelikweli.

Madini ni jambo jingine. Kuzunguka Mlima Meru na maeneo mengi ya Bonde la Ufa, miamba ya volkano hutoa floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya Arusha vinakipita mbali. Mtoto anayekua akinywa maji hayo, meno hutoka na madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana hata mifupa hupinda. Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, maji yaliyobaki yanakuwa makali zaidi. Kinachofanya kazi kwa gharama ya kijijini ni chujio la mkaa wa mifupa ya wanyama, na mkaa huo lazima ubadilishwe unapochoka, jambo ambalo macho na ulimi haviwezi kukuambia. Hupimwa maabara.

Pwani adui ni chumvi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni yake ni rahisi na ya kutisha: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta hadi kimo kishuke mita moja, mpaka wa chumvi utapanda polepole mita 40 kukufuata. Ndiyo maana kisima kilichoanza na maji matamu hugeuka baada ya jirani kumi kuchimba vyao. Fundi atakayekwambia tuongeze kina anakupeleka karibu zaidi na bahari. Kisima cha namna hiyo huvutwa kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya pampu kubwa kwa saa moja, na kama chumvi imekwisha kuingia, hupumzishwa, wakati mwingine kwa misimu kadhaa ya mvua, kabla ya kuonjwa tena.