Ugonjwa wa ini utokanao na pombe: "anakunywa kidogo" si historia ya mgonjwa

Katika barua za rufaa zinazofika kwenye kliniki yetu ya ini, sehemu ya historia ya pombe mara nyingi hujazwa maneno mawili tu, "anakunywa kidogo", ilhali mgonjwa mwenyewe amefika macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Tunaamini kwamba waganga na wauguzi wenzetu hawafanyi hivyo kwa uzembe, bali kwa msongamano wa wagonjwa na kwa haya ya kumhoji mtu mzima kuhusu unywaji wake. Hata hivyo, haya hiyo humnyima mgonjwa nafasi ya kupona, kwa kuwa mafuta yaliyojikusanya kwenye ini kutokana na pombe huweza kuondoka ndani ya wiki chache akiacha kunywa, wakati makovu yaliyokomaa hayaondoki kirahisi.

Utaratibu ni huu. Ulizeni aina ya kinywaji, ukubwa wa chombo na idadi ya siku za kunywa kwa wiki, kisha zidisheni mililita kwa asilimia ya kilevi, gawanyeni kwa 100, na zidisheni jibu kwa 0.8 ili kupata gramu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20. Pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 56. Kwa gongo (pombe kali ya kienyeji) na mbege (pombe ya ndizi na ulezi), ambazo nguvu yake hubadilika kila zinapotengenezwa, andikeni ujazo na miaka ya kunywa bila kubuni asilimia. Baada ya hapo tumieni AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa pombe, lenye maswali 10, ambapo alama 8 na kuendelea huashiria unywaji hatarishi. Alama, tarehe na jina la aliyehoji viandikwe kwenye faili. Mgonjwa asiye na taarifa hizi atapokelewa, lakini kituo kilichompa rufaa kitatakiwa kuzileta kwa maandishi.

Dhana kwamba gongo pekee ndiyo huharibu ini si sahihi, na inasikitisha kuisikia wodini. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku nchini Tanzania Machi 2017, lakini kilevi kilichomo katika bia na mvinyo ni kilekile, na wanawake hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko wanaume.

Vilevile, majibu ya kawaida ya AST na ALT, vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu, hayathibitishi kwamba ini ni zima, kwani hata mwenye makovu yaliyoenea anaweza kuwa nayo. AST ikizidi maradufu ya ALT, fikirieni pombe. Ikivuka uniti 400 kwa lita, tafuteni sababu nyingine pia. Homa ya ini aina ya B ipimwe kwa kila mgonjwa, na kwa wanaotoka Kanda ya Ziwa kichocho kisisahaulike, maana mnywaji anaweza kuwa na vyote kwa pamoja.

Wodini, tiamini (vitamini B1) itolewe mapema, kabla ya glukosi au pamoja nayo. Diklofenaki, dawa ya maumivu, isitumike, na protini katika chakula isipunguzwe, kwa kuwa wagonjwa hawa tayari wamekonda misuli. Tumbo lenye maji lichomwe sindano ya kuchukua sampuli ya maji hayo siku ileile ya kulazwa: neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikifika 250 kwa kila milimita moja ya ujazo, antibiotiki zianze bila kusubiri majibu ya kuotesha vimelea, na mgonjwa aondoke kwa rufaa akiwa amekwisha kupata dozi ya kwanza.