Nguvu za Mwili: Lipi ni la Uzee, Lipi ni la Kukaa Tu

Mtu wa miaka 65 akishindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, jamaa zake wana jibu moja: "Ni uzee huo." Hata sisi wa huduma za afya husema hivyo tukiwa na haraka. Jibu hilo ni kweli nusu tu, na nusu linaloliacha nje ndilo lenye faida kwa mhusika, kwa sababu ndilo linaloweza kurekebishwa.

Kwanza lile ambalo kweli ni la umri. Nguvu za misuli hupanda kwa kasi wakati wa balehe, hufika kileleni kati ya miaka 20 na 35 hivi, kisha hutulia kwa muda. Baadaye huanza kushuka polepole bila mwenyewe kujua. Baada ya miaka 50 vipimo huonyesha wazi: nyama ya misuli hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, na nguvu zenyewe hushuka kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Yaani msuli wa mzee haukupungua unene tu. Hata ule uliobaki hausukumi kama zamani.

Sehemu ya sababu iko kwenye neva. Nyuzi za misuli hufanya kazi kwa makundi, na kila kundi huamrishwa na seli moja ya neva iliyo kwenye uti wa mgongo. Miaka inavyokwenda, baadhi ya seli hizo hufa. Nyuzi zilizobaki bila mwenyewe huchukuliwa na neva ya jirani, na zisipopata wa kuzichukua hunyauka. Zinazoumia zaidi ni zile nyuzi za kasi, tunazozitumia kuruka, kukimbia au kujizuia ghafla. Kwa hiyo uwezo wa kutoa nguvu kwa haraka hutangulia kuondoka. Utamwona mtu bado anainua mzigo wake vizuri akipewa nafasi ya kujipanga, lakini akijikwaa, mguu hauwahi kutangulia mbele ili kumzuia asianguke. Kwa maoni yangu hili la kasi ndilo tunalolisahau zaidi tunapowashauri wazee, na ndilo linalowavunja nyonga.

Upungufu huu wa misuli na nguvu unapofika mahali pa kumzuia mtu kufanya shughuli zake, unaitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake wana la ziada la kuangalia: hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa pamoja na misuli huanza kupoteza uimara katika kipindi hichohicho.

Sasa lile la kukaa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watu 12 wenye umri mkubwa lakini wazima wa afya, waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Hawakuwa na homa wala jeraha, walilala tu. Walipoinuka, walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Rudia kusoma idadi ya siku: 10. Mzee anayelazwa hospitalini kwa nimonia hupoteza nguvu kwa njia hiyohiyo, tena ana ugonjwa juu yake na hamu ya kula imekwisha. Akirudi nyumbani akitembea kwa kushika kuta, watu husema uzee umemwingia ghafla. Uzee hauingii kwa wiki mbili. Kilichomwingia ni kitanda.

Je, zilizopotea zinarudi? Utafiti ninaopenda kuutolea mfano ulifanywa Boston na Dakta Maria Fiatarone na wenzake, ukachapishwa mwaka 1990. Waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, watu dhaifu wenye wastani wa miaka 90, wakawapa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia fimbo. Asilimia hiyo isikutishe, maana anayeanzia chini kabisa hupanda kwa asilimia kubwa hata akiongeza kidogo. Kinachovutia zaidi ni kwamba unene wa misuli ya paja uliongezeka kwa takriban asilimia 9 tu. Sehemu kubwa ya nguvu mpya haikutoka kwenye nyama. Ilitoka kwenye ubongo na neva, vilivyojifunza upya kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila anayeanza, awe na miaka 15 au 75. Wiki za mwanzo nguvu hupanda huku kioo hakionyeshi mabadiliko, na wengi hukata tamaa hapo, wakidhani zoezi halifanyi kazi. Mtoto ambaye hajabalehe naye hupata nguvu kwa njia hii ya neva. Ule woga kwamba kunyanyua uzito kunadumaza watoto haujathibitishwa. Wanachohitaji ni uzito unaowafaa na mtu mzima anayewasimamia.

Habari mbaya kutoka Boston ni kwamba washiriki walipoacha mazoezi kwa wiki 4, walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu zao. Mazoezi ya nguvu hayawekwi akiba. Hata hivyo, kuzitunza nguvu ulizokwisha kuzipata ni kazi nyepesi kuliko kuzitafuta, na aliyewahi kufanya mazoezi akiacha kisha akarudi, kwa kawaida huzipata tena upesi kuliko mara ya kwanza.

Nije kwenye kosa ninalokutana nalo sana. Mtu ananiambia anafanya mazoezi, nikimuuliza yapi, anasema kutembea. Kutembea ni dawa nzuri ya moyo na sukari, lakini msuli huongeza nguvu pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, tena yawe juu ya yale ya kutembea au kukimbia. Wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya usawa wa mwili pamoja na nguvu, siku 3 au zaidi. Si lazima uende jimu. Kuchuchumaa, pushapu za ukutani, kupanda ngazi na mpira wa kuvuta vinatosha kuanzia, mradi marudio mawili matatu ya mwisho yawe magumu kweli. Ukilizoea zoezi likawa jepesi, ongeza uzito au marudio. Na kwa ajili ya ile kasi niliyoitaja, inuka kitini haraka kadiri unavyoweza, kisha rudi kukaa polepole.

Chakula nacho kina sehemu yake. Misuli ya mzee huitikia protini kwa uvivu kuliko ya kijana, na ndiyo sababu wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, badala ya 0.8 ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiwango hiki kabla ya kumwona daktari wake.

Unaweza kujipima leo. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na kukaa mara 5 mfululizo huku mtu akihesabu sekunde. Angalia namna unavyofanya, si muda pekee: je, unajirusha kwa kiwiliwili ndipo uinuke? Magoti yanaingia ndani? Unakaa au unaanguka kitini? Ikizidi sekunde 15, wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia sarkopenia huhesabu hiyo kuwa dalili ya nguvu pungufu. Kliniki zenye kipimo cha mshiko wa mkono hutumia viwango vyao: chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke.

Kama una maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa, umevunjika mfupa au umefanyiwa upasuaji karibuni, pata kwanza ruhusa ya daktari. Usibane pumzi unaponyanyua. Toa pumzi wakati wa kusukuma, kwani kubana hupandisha presha ghafla. Misuli kuuma siku mbili tatu baada ya mazoezi mapya ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo chenyewe, hasa goti likivimba, si kawaida: acha zoezi hilo na umwone mtaalamu wa fiziotherapia akubadilishie.