Je, wajua kwa nini bomba la chuma hupasuka kwa urefu?

Zamani ningeulizwa bomba lililozidiwa na presha litaachia wapi, ningejibu bila kusita: kwenye kizibo. Si ndicho kinachosukumwa uso kwa uso, kama kifuniko cha soda iliyotikiswa? Siku moja fundi bomba alikuwa akipima laini ya zamani kwa pampu, mshale wa geji ukipanda polepole. Mara kishindo, na maji yakaturukia miguuni. Kizibo kilikuwa palepale, kimekaza. Ubavuni mwa bomba palikuwa na mpasuko wa shibiri nzima, kingo zake zimebenuka nje kama mdomo wa samaki.

Nikajipa jibu la pili, nalo likawa kosa: ni mshono. Mabomba mengi hukunjwa kutoka bapa la chuma, kisha huchomelewa kwa urefu. Mshono mbovu kweli huachia. Lakini hata bomba lisilo na mshono hupasuka vilevile. Soseji nayo haikuchomelewa na mtu, ila ikizidiwa na moto hupasuka kwa urefu; ni nadra kuikuta imekatika katikati.

Kosa langu lilikuwa kuuliza presha inasukuma wapi zaidi. Inasukuma sawasawa kila mahali. Cha kuuliza ni chuma kiasi gani kinaishika.

Chukua kipande cha bomba chenye upana wa sentimita 10, urefu wa sentimita 10 na ukuta wa milimita 2. Ndani kuna presha ya kilo 10 kwa kila sentimita mraba. Kwanza lipasue kimawazo kwa urefu, nusu mbili kama mwanzi. Eneo linalozisukuma ziachane ni 10 mara 10, yaani sentimita mraba 100, sawa na uzito wa tani moja. Zinashikwa na nini? Kingo mbili nyembamba tu, jumla sentimita mraba 4 za chuma. Kila sentimita mraba inabeba kilo 250.

Sasa likate kwa upana, kama unavyokata muwa. Duara la ndani lina sentimita mraba 78.5, kwa hiyo msukumo ni kilo 785. Ila safari hii chuma kinashika mzunguko mzima: sentimita mraba 6.28. Gawanya, unapata kilo 125. Nusu kamili! Badilisha urefu wa kipande utakavyo, uwiano haubadiliki. Bomba lililonyooka lenye ukuta mwembamba huvutwa kuzunguka mwili wake mara mbili ya linavyovutwa kwa urefu, na ufa hufunguka pale linapovutwa zaidi.

Hesabu hii ni ya presha peke yake. Udongo ukititia, bomba la chuma cha kusubu huweza kukatika kwa upana, maana hapo linavunjwa kama fimbo. Kutu nayo huchagua inapopenda.

Jambo la ajabu zaidi ni ufa ukishaanza. Kwenye maji husimama mapema: maji hayabonyei sana, yakipata upenyo tu presha inaporomoka. Gesi ni kama springi iliyobanwa, huendelea kusukuma huku ikitoka. Habari ya kwamba presha imeshuka husafiri ndani ya gesi asilia kwa kasi ya sauti, mita 400 hivi kwa sekunde. Ufa ukikimbia haraka kuliko habari hiyo, ncha yake kila mara inakuta bomba bado limejaa. Mwaka 1960 nchini Marekani, bomba moja la gesi lilipasuka kwa mkupuo mmoja kilomita 13 hivi. Ndiyo maana siku hizi bomba la gesi hutakiwa chuma kisicho chepesi kuvunjika kama kioo, na mahali pengine huvishwa pete nene za kuzuia ufa.

Mlipuko wa ndani huleta vurugu nyingine. Novemba 2001, katika kinu cha nyuklia cha Hamaoka, Japani, haidrojeni na oksijeni zilizotokana na maji kuvunjwa na mionzi zilikusanyika kwenye bomba ambalo ndani yake hapakuwa na mtiririko, zikalipuka na kulirarua kwenye kona. Mlipuko wa namna hiyo unaweza kupita kwa kasi kuliko sauti. Kila sehemu ya bomba hupigwa ghafla kwa zamu, ikatetema kama kengele, na chuma kinaweza kutanuka maradufu ya ambavyo kingetanuka kwa presha ileile iliyopandishwa taratibu.

Hapo ufa hauna nidhamu ileile. Kwenye majaribio ya maabara huanza umenyooka kwa urefu, kama kawaida. Kisha kingo zinapobenuka nje na kuvuta chuma kilicho mbele, ncha huweza kukata kona na kuzunguka bomba, mfano wa ganda la chungwa linapomenywa kwa mkupuo mmoja.