Fuliza si pesa za kampuni ya simu

Sokoni Kibuye, Kisumu, utasikia mtu akisema anadaiwa Fuliza na kampuni ya simu ya Safaricom, na kwamba akitupa laini deni limekufa. Sivyo. Fuliza, mkopo mdogo wa kujazia pale salio la M-Pesa linapopungua, iliyoanza Januari 2019, ni ushirikiano: wanaokopesha ni benki za NCBA na KCB. M-Shwari ya 2012, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilijengwa vivyo hivyo na benki ya CBA, ambayo baadaye iliungana na NIC ikawa NCBA.

Kampuni ya simu inaleta kile benki isichokuwa nacho: mamilioni ya wateja, pamoja na rekodi za matumizi ya laini zinazosaidia kupima kiwango unachoweza kukopa. Muhimu zaidi, inashika mlango. Hela ikiingia M-Pesa, deni la Fuliza hukatwa papo hapo. Bila makato hayo, benki ingemfuata mdaiwa wa shilingi 300 hadi Ahero, na nauli ingekula faida yote.

Kuhusu kutupa laini: uliisajili kwa kitambulisho, kwa hiyo deni ni lako, si la kadi ya simu. Usipolipa, benki inaweza kukupeleka CRB, yaani shirika linaloweka rekodi za wakopaji.

Akiba ya M-Shwari nayo iko benki, ndiyo maana inalindwa na bima ya amana hadi shilingi 500,000.