Kivideo cha mtaani si kipimo cha kitu

Kazi yangu ni kutunga madodoso ya kupima watu wanajua nini kuhusu nchi za nje. Mwezi haupiti bila mteja kunifungulia simu yake: "Hebu ona hii kwanza." Ni kivideo kilekile. Mpita njia kawekewa kipaza sauti mdomoni, kaulizwa Ukraine iko wapi kwenye ramani, kagusa Australia. Mteja anacheka, kisha anatoa hukumu: watu hawajui kitu, nitafutie takwimu za kuthibitisha.

Tufanye hesabu. Mpiga picha kashinda kwenye kona ya barabara, kahoji watu 60. Arobaini na wanane wamepatia. Kati ya 12 waliokosea kachagua watano wanaochekesha zaidi, na wewe unaona watano kati ya watano. Wale 48 wamefutwa, maana aliyepatia hana kichekesho. Walioitwa wakapita zao hata hawamo kwenye hesabu. Hiyo si sampuli, ni mchujo. Tena kuna kiwewe: kamera iko usoni, unaambiwa taja haraka nchi tatu zinazoanza na herufi M. Mimi ninayelishwa na kazi hii ningepata kigugumizi.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba vipimo vya kweli vipo, na vina utamu kuliko kivideo. Mwaka 2014, Urusi ilipoingia Krimea, rasi ya Ukraine, watafiti waliwapa Wamarekani 2,066 ramani ya dunia wabofye mahali Ukraine ilipo. Aliyepatia ni kama mmoja kati ya sita. Mwenye kivideo angeishia hapo. Wao waliuliza pia kama Marekani iingilie kati kijeshi, na ikaonekana kwamba kadiri mtu alivyobofya mbali na Ukraine, ndivyo alivyoelekea kuunga mkono nguvu za kijeshi. Sasa hapo umepima kitu.

"Basi Wamarekani ndio hawajui." Wapi! Mwaka 2017 Gapminder, taasisi ya Sweden aliyoianzisha daktari Hans Rosling na mwanawe Ola na mkwewe Anna, iliwapa maswali watu karibu 12,000 wa nchi 14, Sweden yenyewe ikiwemo. Yalihusu umaskini, chanjo, elimu ya wasichana. Katika maswali 12 yenye majibu matatu ya kuchagua, wastani wa waliyopatia ulikuwa mawili. Anayefumba macho na kugusa popote anapata manne! Kutojua peke yake hakumshushi mtu chini ya bahati. Hao walikuwa na jibu kichwani, ila lilikuwa la dunia ya miaka mingi iliyopita, dunia mbaya kuliko ilivyo.

Ndiyo maana nagombana na wateja kuhusu kisanduku cha "Sijui". Wanakiogopa, wanadhani kinawafundisha wahojiwa uvivu. Ukikiondoa kwenye swali la majibu matatu, theluthi moja ya wasiojua watapatia kwa kubahatisha. Ukija kwangu unashangilia kwamba asilimia 40 wamejibu sawasawa, nitakukata stimu: wanaojua kweli huenda ni 10. Tisini waliobaki wamebahatisha, 30 wakaotea. Weka kisanduku. Na kwenye maelekezo ya juu waambie wazi kwamba kukijaza si aibu.

Wateja hupenda pia kuuliza dunia ina nchi ngapi; swali hilo siliweki kabisa. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na Vatikani na Palestina ni waangalizi. Atakayesema 195 na atakayesema 193 wote wana hoja.

Miji mikuu nayo inapendwa mno, eti ndiyo njia rahisi ya kujua nani anaijua dunia. Inapima nani alikariri, na alikariri lini. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi kuwa Astana mwaka 2022, na waliosoma ramani ya miaka hiyo ya katikati wakaonekana wajinga. Mteja mmoja aliniletea dodoso ambalo lilishajazwa na kusahihishwa, anataka tu niandike ripoti. Kwa Afrika Kusini alikubali jibu moja tu: Pretoria, basi. Kila aliyeandika Cape Town, bunge linakokaa, alikuwa na alama nyekundu ya kosa.